Taa Nyekundu ya Gari la Mkate

Taa yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi punje ya mtama, na kama isingekuwa jioni ya mawingu hakuna ambaye angeiona. Ilikuwa inawaka ndani ya gari la mkate, kwenye dashibodi, nyuma ya usukani. Nyekundu. Ni taa ya betri, ambayo kila dereva anaijua: ukifungua swichi inawaka, injini ikishika inazimika. Sasa gari limeegeshwa uani tangu adhuhuri, injini imepoa mpaka paka amelala juu ya boneti, na ufunguo uko ndani ya nyumba, umening'inia kwenye msumari kando ya kalenda.

Mwenye gari, au tuseme mwenye kuliendesha, maana gari lilikuwa la tajiri wa kiwanda cha mikate, alikuwa ananawa miguu bombani. Watu walimwita Baba Chiriku kwa ajili ya binti yake wa pekee, mtoto aliyeanza kusema kabla ya kuota meno na hajanyamaza tangu siku hiyo. Akainua uso, akaiona taa. Maji yakaendelea kumwagika.

"Mama Chiriku!" akaita. "Nani kachukua ufunguo?"

"Upo msumarini," mkewe akajibu kutoka dirishani, ambako aliweka cherehani yake ili apate mwanga. "Nauona."

"Hujaushika?"

"Nauona, nimekwambia. Kuona si kushika."

"Hebu njoo basi uone hii taa."

Mama Chiriku alikuwa mwanamke ambaye sufuria ya jirani haianguki asitoke kuuliza imeanguka na nini. Safari hii hakutoka. Alivuta pazia, na cherehani ikaanza kukimbia mbio.

Baba Chiriku akaenda mwenyewe, miguu inachuruzika. Akafungua mlango wa gari. Swichi ilikuwa imefungwa, kijitundu cha ufunguo kimesimama wima kama inavyotakiwa. Taa ikamkodolea jicho kidogo, kisha ikafifia polepole, kama mtu anayefumba macho kwa kujifanya amelala. Na humo ndani, badala ya harufu ya mikate, palinuka dawa ya kuchua.

Akaufunga mlango taratibu. Dawa ile aliijua. Ilikuwa ya mama mkwe wake, na mama mkwe wake walikuwa wamekwishamzika.

Sasa, kwa nini dereva mzima, mwenye ndevu, atokwe na jasho kwa harufu ya dawa? Jambo hilo mtaani lilisemwa hivi, na moyoni mwake lilijulikana vile.

Mama mkwe alikuwa na pumu na alikuwa na ulimi, na watu hawakukubaliana kipi kilimzidi nguvu mwenzake. Alikaa kwa bintiye tangu afiwe na mumewe. Alijichua kifua asubuhi na jioni, hata harufu yake ikawa inafika kabla yake na kuondoka baada yake. Mkwewe hakumwita mwanangu wala baba. Alimwita Dereva. "Dereva, chai yako inapoa." "Dereva, mguu wako uko kwenye mkeka wangu." Hawakuchukiana, msije mkasema. Walichokozana tu, kama kuku wawili kwenye tundu moja.

Jioni moja kulikuwa na mpira redioni, na timu ya Baba Chiriku ilikuwa inacheza. Bibi akaanza: "Mpira gani huo, watu wazima wanagombea ngozi moja! Mnunulieni kila mtu yake wapumzike." Kisha akashikwa na kikohozi, na mtangazaji hakusikika tena.

Baba Chiriku akainuka. "Bora nikasikilizie garini. Huku ndani trekta limewaka."

Bibi mwenyewe alicheka mpaka akapiga paja. Mama Chiriku hakucheka. "Trekta ni mama yangu?" aliuliza. "Basi kalale huko huko garini."

Sasa gari lile lilikuwa na kasoro. Redio yake haikuimba mpaka swichi ifunguliwe, ndivyo fundi alivyoiunga. Na ufunguo ulikuwa umelika kwa kuzungushwa, hata ukawa unachomoka popote, swichi ikiwa imefungwa au iko wazi. Dereva mwingine angemdai tajiri ufunguo mpya. Baba Chiriku aliuzoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Kila alipochomoa ufunguo alichungulia ile taa nyekundu. Akiikuta imezimika, basi, anashuka.

Siku hiyo timu yake ilifungwa bao watu wakiwa wameshasimama kuondoka uwanjani. Aliizima redio kwa kofi. Akamtukana golikipa, akamtukana aliyemzaa golikipa, akachomoa ufunguo, akaubamiza mlango nyumba nzima ikasikia. Hakuchungulia.

Alfajiri bibi alizidiwa. Dawa ya kupuliza aliipuliza ikaisha, na kifua kikawa kinalia kama mlango wa bati. Wakambeba hadi garini, bintiye akampakata kiti cha mbele. Hospitali haikuwa mbali; maji ya chai uliyoyabandika usingeyakuta yamechemka. Baba Chiriku akaingiza ufunguo, na hapo vidole vyake vikamwambia kabla ya macho: swichi ilikuwa imeshalala upande wa kuwasha. Ilikuwa imelala hivyo usiku kucha.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameinamia uso wa mama yake. Basi mwanamume yule, pole pole, bila mlio, akairudisha swichi nyuma. Kisha akaizungusha mbele tena, kwa nguvu, kama mtu aliyeikuta imefungwa.

*Tik*, likasema gari. *Tik. Tik-tik-tik.* Halafu hata hilo likakoma.

"Washa, Dereva," bibi akasema kwa pumzi iliyobaki. "Washa twende."

Walisukuma. Majirani walitoka wamejifunga kanga na misuli, wakasukuma, lakini njia ya kutokea getini inapanda mlima kidogo, na gari la mkate si baiskeli. Gari la kuazima lilipopatikana, bibi alikuwa ameshatulia, mkono wake umeegemea dashibodi kana kwamba anasubiri.

Msibani watu waliuliza, kama watu wanavyouliza. Ilikuwaje? Na Baba Chiriku, macho mekundu, akajibu, "Betri. Betri ya yule Waya."

Waya ndiye fundi umeme wa magari wa mtaa huo, na betri ile alikuwa ameifunga yeye karibuni tu. Neno lilimtoka Baba Chiriku lenyewe, bila kubisha hodi. Lakini mtaa haupewi neno ukalikunja ukaliweka kabatini. Kufika jioni Waya alikuwa ameuza betri bovu. Kesho yake alikuwa ameuza betri bovu kwa kujua. Alikuja kuzika, akasimama nje ya geti, na hakuna aliyemsogezea hata kopo la kukalia. Mlangoni mwa karakana yake mtu akaandika kwa mkaa: *muuaji*. Magari yakaanza kupita pale bila kupunguza mwendo.

Baba Chiriku aliyaona maandishi hayo kila asubuhi akipeleka mikate. Akawa anageuza shingo upande wa pili wa barabara, ambako hakuna kitu ila ukuta.

Ndipo taa ilipoanza.

Baada ya taa, harufu ile ikahamia kwenye mikate. Mwenye duka wa kwanza aliifungua kreti, akanusa, akasema, "Kaka, mikate yako ina mafua? Mbona imechuliwa?" Watu wakacheka. Mwenye duka wa pili hakucheka, alizirudisha kreti zote. Tajiri akaingiza kichwa garini, akanusa, akatoa kichwa. "Unabeba wagonjwa humu?" akauliza. Baba Chiriku akaapa hajabeba mgonjwa. Na alipoapa, kiti cha mbele, kile cha abiria, kikalia springi zake, kama mtu mzito anayejiweka sawa ili asikilize vizuri.

Aliosha gari kwa sabuni, akalisugua kwa ndimu, akaacha milango wazi juani. Harufu ilipungua mchana na kurudi kabla jua halijachomoza, wakati anapotoka kiwandani na mikate ya moto, barabara tupu, vioo vimeingia ukungu kwa mvuke. Na hapo ndipo alipoanza kusikia pumzi, mwanzoni akadhani ni tairi, kisha akadhani ni feni, kisha akapunguza mwendo na pumzi ikabaki vile vile, ndefu ikiingia, nyembamba ikitoka, kama mlango wa bati, upande wa kushoto kwake, karibu kiasi kwamba nywele za sikio zilicheza, naye akakaza macho barabarani na kujiambia sitageuka, sitageuka, mpaka kwenye ukungu wa kioo cha mbele, upande wa abiria, akaona kiganja kinajichora kidole kwa kidole, na maji yanachuruzika kutoka vidoleni.

Akarudi nyumbani mdomo umekauka. Mkewe akamtazama, akamsogezea chai.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Na mimi hakuna," akasema Mama Chiriku, ijapokuwa hakuna aliyemuuliza.

Basi maisha ya nyumba ile yakawa hivyo. Watu wawili wanakula sahani moja, kila mmoja anatafuna na lake. Aliyeongea ni mtoto tu. Chiriku aliwaeleza habari za shule, habari za paka, habari za jino lake linalotikisika, na jioni akaingia kwenye gari kama alivyozoea, akapanda kiti cha dereva, akaendesha safari zake za uongo. "Piii! Piii! Bibi, funga mkanda!" Mama yake alimtoa humo kwa mkono, na kumchapa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku moja, jua la mchana, Waya akaja. Hakubisha hodi kwa sauti. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia kama limeanikwa.

"Kaka, sikuja kuomba kazi," alisema. "Nimekuja kuitazama betri yangu. Nataka nijue. Kama ni mimi niliyemuua yule mama, niambiwe na betri, nisiambiwe na mkaa."

Baba Chiriku angekataa kwa sababu gani? Alifungua boneti. Mama Chiriku akaja kusimama mlangoni, mikono ndani ya kanga, na Chiriku akajibanza miguuni kwake. Waya akafungua vichwa vya betri, akaitoa, akaiweka chini kwenye mchanga. Akaipima na kijitaa chake. Akaipima tena. Akachuchumaa hapo, na machozi yakamjaa.

"Betri nzima," alisema. "Kaka, betri mbovu haifi leo ikafufuka kesho ikavuta gari mwezi mzima. Hii haikufa. Ilinyonywa usiku kucha. Swichi iliachwa wazi."

Kuku akapita. Kisha Waya akainuka, akainua macho, na wote wakafuata macho yake. Ndani ya gari, kwenye dashibodi, taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Waya akatazama betri iliyo chini. Akatazama nyaya zinazoning'inia hewani. Sauti yake ikashuka ikawa ya mtu aliye chumba cha mgonjwa.

"Kaka... betri iko hapa chini. Ile taa inakula nini?"

"Sijui," Baba Chiriku akanong'ona.

"Nani aliiacha swichi wazi?"

"Sijui."

"Niambie, ndugu yangu. Mimi sitamwambia mtu. Ni wewe?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Lakini mlangoni mkewe alikuwa anamtazama, na nyuma ya mkewe kulikuwa na chumba cha marehemu, mkeka wake bado umekunjwa pale pale. Baba Chiriku akalimeza.

"Labda mtoto," akasema. "Huwa anaingia humo kucheza."

"Mimi?" akasema Chiriku.

Na taa ikazimika pale pale, kama mshumaa uliopulizwa na mtu aliyepata alichokuwa anakingojea.

Mama Chiriku alifungua mdomo. Akaufunga. Mtoto akamwangalia baba, akamwangalia mama, akiwasubiri watu wazima waseme vinginevyo. Hawakusema. Basi Chiriku akanyamaza. Mtoto ambaye walimu walishindwa kumnyamazisha, alinyamaza chakula chote cha jioni, na kabla hajalala aliuliza swali moja tu, "Bibi amenikasirikia?"

Gari likapona. Harufu ikaisha kabisa, kiti kikaacha kulia, mikate ikanuka mikate. Baba Chiriku alipeleka kreti zake asubuhi iliyofuata akipiga mluzi. Aliporudi alimkuta mkewe amempakata mtoto kitandani, na kabla hajavuka kizingiti aliisikia: ndefu ikiingia, nyembamba ikitoka. Kama mlango wa bati.

Walikimbilia hospitali. Daktari akamsikiliza kifuani, akamsikiliza mgongoni, akampiga picha. "Mapafu masafi," alisema, huku mtoto mbele yake anavuta pumzi kama anainyonya kwa mrija. "Sijui ninyi mnasikia nini na mimi nasikia nini, lakini picha haina kitu." Akawapa dawa ya kupuliza. Haikumsaidia zaidi ya upepo.

Jua likishuka, hali ilibadilika kuwa mbaya zaidi. Chiriku aliketi wima kitandani, macho yamefumba. Mkono wake wa kulia ukanyooka, vidole vikashika kitu kisichokuwepo, kifundo kikazunguka nyuma, taratibu, bila mlio. Kisha kikazunguka mbele kwa nguvu. Na kooni mwake, mle mwa mtoto, kukatoka: *tik. Tik-tik-tik.*

Baba Chiriku aliuona mkono ule unavyofanya, akaushika ukingo wa kitanda. Nyuma kwanza, pole pole, halafu mbele. Hakuna binadamu aliyemwona alfajiri ile. Hakuna.

"Dereva," akasema mtoto, kwa sauti ya bibi yake. "Washa twende."

Mama Chiriku alipiga yowe ambalo lilisikika mpaka barabara kubwa. Na aliyelisikia akawahi kuja alikuwa Waya. Alitazama kitandani mara moja tu.

"Shemeji, hili si la hospitali," alinong'ona. "Nina shangazi yangu. Ngojeni kukuche nikamlete. Na msimwachie mtoto ufunguo wowote."

Shangazi mwenyewe, ambaye watu walimwita Bi Miwani, hakuwa wa kutisha. Alikuwa mama mfupi, mguu mmoja umevimba, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuja mchana, akasema yeye usiku analala, jini anayetaka kuongea naye aje saa za kazi. Hakuleta manyoya wala mifupa. Aliomba beseni la maji na ufunguo wa gari. Akautumbukiza ufunguo majini, akaketi kitandani kando ya Chiriku, akamshika kifundo cha mkono.

"Wewe uliyemo," alisema, kama anayemwita mtu jikoni. "Wewe si mama wa watu. Mama wa watu amekwenda zake, apumzike. Umeazima sauti yake tu. Wewe ni nani?"

Mtoto alicheka kicheko cha kizee. "Mpita njia."

"Ulipitia wapi?"

"Palikuwa wazi. Nyumba ikifungwa nakwenda zangu. Nyumba ikifunguliwa kuna wenyewe, nakwenda zangu. Lakini hapa paliachwa. Paliwashwa hapakuwashwa, pakazimwa hapakuzimwa. Mtu akaita halafu akaenda kulala. Nikaitika mimi."

Maji kwenye beseni yakaanza kutikisika, ijapokuwa hakuna aliyeligusa.

"Nani aliyepaacha?" akauliza Bi Miwani.

"Waulize. Mimi niliambiwa ni mtoto. Nikapewa mtoto."

Bi Miwani akageuka. Miwani yake ilikuwa minene, na nyuma yake macho yalikuwa makubwa kama ya ng'ombe, hayana hasira. "Haya, wazazi. Huyu hakai kwenye kosa. Angekaa kwenye makosa, nani angekuwa mzima hapa? Anakaa kwenye kosa lililofichwa. Mnamsikia mtoto wenu? Pumzi hizo si nyingi."

Kweli hazikuwa nyingi. Midomo ya Chiriku ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya zambarau. Baba Chiriku alimwangalia mwanawe, kile kifua kama cha ndege, kinapanda na hakishuki, akaanguka chini kwa magoti.

"Ni mimi!" alisema. "Ni mimi, si mtoto, si Waya. Nilikuwa nasikiliza mpira. Nikachomoa ufunguo bila kutazama taa, kwa hasira za bao, za bao tu! Na alfajiri nikaikuta swichi wazi, nikairudisha ili mke wangu asijue, nikasingizia betri, nikamwacha Waya aitwe muuaji, nikamwacha mwanangu... Waya, ndugu yangu, mimi ni mbwa."

Waya, aliyesimama mlangoni, alijifuta uso kwa kofia. Hakusema "nimekusamehe."

Na Chiriku akavuta pumzi. Moja, ndefu, ikaingia yote. Rangi ikamrudi midomoni. Baba yake akaanza kulia kwa shukrani, na Bi Miwani akainua mkono: subiri.

*Tik*, kikasema kifua cha mtoto.

"Mlango mmoja umefungwa," akasema kile kitu, taratibu, kama kinafurahia. "Na yule aliyepita akauona uko wazi?"

Bi Miwani alimwangalia Baba Chiriku. Baba Chiriku akatikisa kichwa, haelewi. Waya haelewi. Wakageuka wote kwa Mama Chiriku, na yeye alikuwa amekwisharudi nyuma hadi ukutani, viganja vimeshika ukuta huku na huku.

"Sijui linasema nini," alisema.

*Tik. Tik-tik.* Rangi ikaanza kuondoka tena.

"Mwanangu," likasema jini, kwa ile sauti ya mama yake, ile ya kumwita aamke kwenda shule zamani hizo. "Mwanangu, dirisha lako si linatazama uani?"

"Mama, nyamaza!"

"Hukuiona?"

"Nyamaza, nakuomba!"

"Mama Chiriku," akasema mumewe, pole pole. "Umeona nini?"

Na mwanamke yule, ambaye msibani alimlaani Waya mbele za watu mpaka akashikwa mkono, akateleza ukutani mpaka chini, na maneno yakaanza kumtoka yakiwa yamefungamana kama uzi uliomwagika kapuni, kwamba aliiona, ndiyo, aliiona, aliinuka kufunga dirisha akaiona taa nyekundu inawaka garini na akajua kabisa ni nini, hakuna asichokijua kuhusu gari lile, na ufunguo ulikuwa msumarini, hatua mbili tu, mkono wake ulishaugusa, lakini akakumbuka trekta, mama yangu trekta, akasema moyoni mwache, betri ife, kesho ahangaike, atukanwe na tajiri wake, ashike adabu, akacheka, Mungu wangu, nilicheka peke yangu gizani, nikavuta pazia nikaenda kulala, na mama yuko chumba cha pili anakohoa, nikamsikia anakohoa, nikalala.

Maji katika beseni yalipanda yakamwagika pande zote, kama kitu kizito kimetolewa humo. Dirisha likajifungua, likagonga ukuta. Chiriku akapiga chafya tatu, akafumbua macho, akatazama watu wazima waliolowa na kulia.

"Nina njaa," alisema. Kisha akaendelea, hakukoma: kwamba alikuwa anaota, kwamba kulikuwa na mtu amemkalia, kwamba mtu huyo ana miguu ya baridi, na jino limetoka, jamani, jino langu liko wapi?

Waya alikwenda jikoni kumletea mkate. Mama Chiriku alibaki pale chini, uso ndani ya kanga, analia bila sauti, mabega tu. Hakuna aliyemgusa. Mumewe alikuwa amesimama juu yake, na alipaswa kuinama, hata mbuzi angejua kuwa hapo mtu anapaswa kuinama.

Alikuwa anamtazama. Na moyoni mwake kukaingia kitu baridi, kitamu, kama maji ya mtungi kwa mtu aliyetembea juani: *kumbe si mimi peke yangu. Kumbe na yeye. Mimi nilisahau, yeye aliona. Mimi sikujua, yeye alijua. Basi aliyemuua mama yake ni nani?* Akalipima shauri hilo huku na huku, akalipenda. Akaona kesho atakavyolisema, na lini, siku watakapogombana, maana watagombana tu, na atalitoa hapo kama kisu kilichonolewa vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mabega yake yalikuwa mepesi. Karibu atabasamu.

*Tik*, kikasema kitu, chini ya ubavu wake wa kushoto.

Akaufunika ubavu huo kwa kiganja.

Bi Miwani alikuwa mlangoni, anafuta miwani yake kwa upindo wa gauni. Bila miwani macho yake yalikuwa madogo, na yalikuwa yanamtazama yeye.

"Limetoka lote, baba?" akauliza. "Hakuna palipobaki?"

Mtoto alikuwa anatafuna mkate huku anaongea. Mke alikuwa ameinua uso, umevimba kwa machozi, anasubiri kwa mumewe neno lolote lile.

"Limetoka," akasema Baba Chiriku, na neno lilipopita kooni likamwachia mdomoni ladha ya dawa ya kuchua.